Ndoo ya Msibani

Celina alikuwa ameshika kikombe cha uji tangu alfajiri, na uji wenyewe haukuwa umefika nusu. Anakunywa funda, anatulia, anasikiliza tumbo, anakunywa tena. Tumbo aliloachiwa na madaktari wa Mwanza halikuzidi ndizi moja mbivu, na ukilishindilia kwa pupa linakurudishia kila kitu palepale. Hilo alishalizoea. Kilichomshinda ni uchovu. Uchovu gani huu, jamani, wa kumfanya mtu afunge kanga halafu akae chini apumzike?

Alifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito baada ya sukari kupanda na magoti kukataa kabisa kumbeba. Kaka yake Wilbert, aliyeko Dar, ndiye aliyegharamia. Uzito ulikuwa unashuka kweli, na magauni yalikuwa yanamning'inia. Lakini hapa Izigo, mwanamke mnene akikonda ghafla, nani atauliza habari za daktari? Watu wazima wana jina lao la tangu miaka ile ya misiba mfululizo: Juliana. Ukimwi waliubatiza jina la kitambaa kilichokuwa kikivaliwa na warembo wa wakati huo, na wengine hawajaliacha mpaka leo.

"Unaenda?" mama yake aliuliza kutoka chumbani. Hakuwa ametoka kitandani tangu masika.

"Naenda, mama."

"Nguvu huna."

"Zitanikuta njiani."

Hawakusema zaidi, ila wote wawili walijua. Chama cha kuzikana kilikuwa na kanuni: mwanamke asiyefanya kazi kwenye misiba mitatu mfululizo anafutwa. Mgonjwa anasamehewa, lakini awe kitandani. Celina alikwishakosa miwili tangu atoke hospitali. Akikosa na wa leo, wa mzee Rutaihwa, basi siku mama yake akifumba macho hatakuja mtu kuchimba kaburi wala kumenya ndizi. Kumzika mama peke yako! Heri utangulie wewe.

Njiani alikaa chini mara nyingi, mpaka akafika kwa marehemu jua likiwa limeshapanda. Vikongwe walikuwa kwenye mikeka wakimenya ndizi za kupika na maharage. Wanaume walikuwa upande wa pili, kwenye viti vya kukodi, wakijadili bei ya kahawa. Katibu wa chama, Projestus, alikuwa amekalia kiti kizuri kuliko vyote, koti limefungwa vifungo vyote.

"Kasinge waitu, katibu," Celina alimwamkia kwa Kihaya, kwa heshima. "Poleni na msiba."

"Tumeshapoa." Alimpima kuanzia kichwani hadi miguuni. "Wanawake wa rika lako wanachota maji. Ndoo zile pale."

"Katibu, nimepasuliwa tumbo. Sijaruhusiwa kubeba kitu kizito. Nipe kisu nimenye."

"Kumenya ni kwa bibi zako. Kama ni mgonjwa, mgonjwa hatembei mpaka hapa. Kama ni mzima, ndoo. Kanuni haimjui mzima nusu."

Nyuma yao mtu alinong'ona lile jina, na kicheko kikamezwa haraka. Celina alilisikia. Hasira ndiyo iliyomfikisha chemchemini.

Kuteremka si kazi. Kazi ilianza alipoinama kuinyanyua ndoo iliyojaa. Kizunguzungu kilimpiga, akajikuta ameketi kwenye tope. Akalia. Zamani alikuwa anapanda mlima huu na ndoo kichwani, nyingine mkononi, tena anaimba!

"Nipe hiyo," alisema Jovina, jirani yake, aliyekuwa anajaza ndoo yake pembeni. "Nitarudi niibebe mpaka kwenye ile mibuni, halafu utaipokea uingie nayo. Nani atajua?"

Mama wee! Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Angesifiwa, na msiba ujao angepewa ndoo nyingine.

"Hapana, Jovi. Nikidanganya leo, kesho nitazimia mbele yao."

Alimwaga maji, akabakiza ya jagi moja tu. Akapanda nayo polepole, anatembea, anakaa, anatembea, Jovina akimngoja kila mahali na ndoo yake kichwani. Alipofika aliitua mbele ya Projestus.

Katibu alichungulia ndani. "Hii nini?"

"Maji. Nguvu zangu za leo zimeishia hapo." Alipandisha sauti. "Nimepasuliwa, nakula kwa kijiko cha chai, nachoka. Si Juliana. Na hata ingekuwa Juliana, ndugu zangu, mngenifuta? Miaka ile tulizika akina nani hapa, kama si dada zetu na kaka zetu? Nani aligoma kuwachimbia?"

Visu vilisimama. Hapakuwa na mtu mzima pale ambaye hakuwa amezika mtu wake miaka ile.

"Kanuni ni kanuni," alisema Projestus, kwa sauti ndogo.

Jovina aliitua ndoo yake kwa kishindo mpaka maji yakarukia viatu vya katibu. "Basi na mimi nifute! Goti langu linavimba tangu mwaka jana, nabeba huku nimeuma meno." Akaketi mkekani, akachukua kisu.

"Na mimi mgongo," alisema mwingine, akaketi.

"Mimi nina mimba, nilikuwa naogopa kusema!" aliropoka binti mmoja, na vicheko vikalipuka palepale msibani, Mungu awasamehe. Ndoo tupu zikatuliwa moja baada ya nyingine. Wachota maji wote wakakaa wanamenya, Celina katikati yao, miguu ameinyoosha.

Masufuria mengi yalikuwa bado makavu, na wafiwa walikuwa wanazidi kuingia. Mjane wa Rutaihwa akatokeza mlangoni. "Maji yako wapi? Mume wangu atazikwa na watu wenye njaa?"

"Muulize katibu, waitu," Celina alijibu. "Yeye ndiye mzima."

Wanaume walitazamana. Mmoja aliinuka, wa pili akamfuata. Projestus alipoona macho yote yamemganda, alivua koti, akachukua ndoo.

Alichelewa sana kurudi. Walipomwona, alikuwa anapanda nyuma ya wenzake, shati limelowa, ndoo inayumba kichwani. Katikati ya mlima alishindwa. Akaitua, akashika kiuno, anahema.

Celina alisimama. Mwili ulikuwa umechoka mpaka kwenye nywele, na moyo ulikuwa unacheza ngoma. Akaweka mikono mdomoni, akapaza sauti ambayo nusu ya Izigo iliisikia:

"Pumzika, katibu! Pumzika tu, waitu. Sisi hatufuti mtu!"