Mababa Ishirini na Watatu wa Kasumbalesa

Shule zilipofungwa mwezi wa tatu kwa sababu ya korona, Mwalimu Fidélie alidhani atapata wiki mbili za kupumzika. Angefua mapazia, angepalilia kitalu chake cha lengalenga nyuma ya nyumba, kisha angerudi darasani, mtaa wa Manika, na koo lililopona. Miaka kumi na minne ya kufundisha mwaka wa sita wa msingi, chaki upande mmoja na vumbi la malori ya madini upande wa pili, ilikuwa imeikwaruza sauti yake kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Lakini wiki mbili zikawa mwezi. Mapazia yakafuliwa mara tatu, lengalenga likaliwa mpaka shina, na Kolwezi nzima ikajifunza kusalimiana kwa viwiko.

Ndipo Direkteri Dimitri alipowaita walimu wake uani pa shule, akawasimamisha kila mmoja ndani ya duara la chokaa kama mitungi ya maji.

"Kuanzia lundi, jumatatu hii, tunafundisha à distance," alitangaza.

Mwalimu mmoja mzee akauliza ni umbali gani.

"À distance," direkteri akarudia polepole, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kueleza. Akatoa masharti. Kila darasa litakuwa na kundi lake la WhatsApp. Masomo yatatumwa kwa sauti na picha. Wazazi watatuma kazi za watoto kila ijumaa. Na kila mwalimu atavaa barakoa anaporekodi sauti yake.

"Lakini direkteri, ni sauti tu. Hawatatuona," alisema Fidélie.

"Mfano mwema, mama, unasikika."

Darasa la Fidélie lilikuwa na watoto thelathini na mmoja. Wazazi wa ishirini na sita walikuwa na simu ya kupokea picha. Wale watano waliobaki waliandikwa kwenye ripoti ya direkteri kwamba "wanafuatiliwa", na kwa muda wa miezi minne hakuna aliyewafuatilia ila Fidélie, ambaye jumatano aliwapelekea karatasi kwa miguu, akizisukuma chini ya milango.

Siku ya kwanza alipigilia ubao kwenye ukuta wa jiko. Mumewe, Gracien, akashika simu yenye kioo kilichopasuka, naye akaeleza sehemu za kumi kwa kukata boga. Kuku akapita. Mtoto wa jirani akapiga kelele kwamba umeme umerudi, na Gracien, aliyekuwa na shati la kupiga pasi, akaondoka na simu mkononi huku ikiendelea kurekodi. Wazazi ishirini na sita wakaona boga, kuku, na dakika mbili za soksi za Gracien.

Majibu yakaanza kuingia. Pasta Ngoyi alituma maombi ya dakika kumi na moja, yaliyomaliza mega za intaneti za watu wote. Mama Abigaël, mjane aliyeuza samaki wa chumvi sokoni, akatuma picha ya samaki. Mtu akatuma dawa ya ndimu na mvuke. Mwingine akajibu kwamba mvuke ule umemchubua mjomba wake pua. Kuhusu sehemu za kumi, hakuna aliyeandika, isipokuwa Tata Muamba.

Tata Muamba alikuwa mkuu wa ofisi katika kampuni moja ya madini, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na kampuni ilikuwa imemwambia akae nyumbani, mtaa wa Joli Site, mpaka aitwe. Hakuitwa. Mtu aliyezoea kusahihisha barua za wengine alijikuta hana cha kusahihisha ila mke wake, na mke wake hakukubali. Basi akaliandikia kundi, kwa Kifaransa cha mahakamani, aya sita, kwamba ameifurahia mbinu ya boga.

Ijumaa ile kazi ya mwanawe Stany ikafika. Mwandiko ulikuwa umelala upande mmoja kama mtu aliyeegemea kiti cha ofisi, na hesabu sita kati ya kumi zilikuwa za makosa. Fidélie akaandika nne juu ya kumi, akaituma. Simu ikalia kabla hajaifunika kalamu.

"Mama mwalimu, hii nne imetoka wapi?" Tata Muamba aliuliza. "Mi niko na diplome ya université!"

"Tata, ile devoir ni ya Stany."

Tata Muamba akakohoa mara mbili.

"Eeh, njo ya Stany. Mutoto analalamika sana. Hajakula."

Wengine nao walikuwa hivyo hivyo. Wiki tatu za kwanza Fidélie alisahihisha kazi za mababa, mama wakubwa, na shemeji mmoja aliyekuwa fundi wa matairi, wote wakiandika kwa jina la mtoto, wote wakianguka. Karatasi moja tu kila ijumaa ilikuwa na mwandiko wa mtoto, wenye kufutwafutwa na kupanda mlima kuelekea kona. Ilikuwa ya Rachida. Mama yake, Kadija, alisoma Kurani vizuri, lakini Kifaransa hakukijua, na baba yake, Musafiri, alikuwa dereva wa lori aliyekwama mpakani. Hapakuwa na mtu mzima wa kumfanyia, kwa hiyo Rachida alifanya mwenyewe. Kadija alijua njia moja tu ya kutuma picha: kulitumia kundi zima, alhamisi jioni, siku moja kabla ya wengine.

Mwezi wa tano alama zikapanda. Saba, nane, tisa. Direkteri Dimitri akampigia Fidélie kwa furaha.

"Unaona, mama! À distance inapita hata shule yenyewe! Nitapeleka jina yako mbele."

Fidélie alikuwa ameona jambo. Rachida alipoandika mji wa Likasi kwa k mbili, watoto ishirini nao waliandika kwa k mbili. Alipofuta neno na kuacha doa, Tata Muamba aliandika neno lile lile na kulifuta. Kusema kweli, Fidélie aliyaona, akanyamaza. Kusahihisha kulikuwa kumekuwa kazi ya nusu saa, jina lake lilikuwa linapelekwa mbele, na kwa mara ya kwanza tangu shule zifungwe alikuwa akilala usingizi. Alijiambia kwamba watoto hujifunza hata kwa kunakili. Hakuyaamini maneno hayo, lakini aliyarudia.

Kisha akatoa insha. Kichwa: kazi ya baba yangu. Insha, aliwaza, haina pa kunakiliwa.

Alhamisi jioni Rachida alituma ukurasa mmoja. Aliandika kwamba baba yake anaendesha lori, na kwamba amekaa siku hamsini na mbili kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa akisubiri kipimo na karatasi. Analala chini ya lori kwa sababu ndani kuna joto. Anapika fufu kwenye jiko la makaa pamoja na dereva anayeitwa Akram, na ijumaa wanaswali wawili, bega mbali na bega. "Sijui kama ananenepa au anakonda," alimalizia, "kwa sababu simu yake haina kamera."

Fidélie alisoma mara mbili, akavua miwani.

Ijumaa karatasi zikaingia. Baba wa Stany, mkuu wa ofisi, alikuwa Kasumbalesa kwa siku hamsini na mbili. Akasoma nyingine: Kasumbalesa. Nyingine. Pasta Ngoyi naye alikuwa analala chini ya lori na kuswali kila ijumaa na Akram. Baba wa Jessica, mume wa Mama Abigaël, ambaye Fidélie mwenyewe alikwenda kwenye matanga yake miaka miwili nyuma, alikuwa hai na anapika fufu kwa makaa. Kati ya karatasi ishirini na sita, mababa ishirini na watatu walikuwa kwenye foleni moja. Wawili waliandika mambo yao, na mmoja alituma kwa bahati mbaya picha ya mguu.

Fidélie akacheka mpaka Gracien akaja kutoka chumbani. Halafu akakasirika. Aliwakasirikia wazazi, kisha, alipoikumbuka ile Likasi ya k mbili, akajikasirikia mwenyewe zaidi. Kama angewaumbua, direkteri angesema mbinu imeharibika kwa sababu ya mwalimu. Kama angenyamaza, Stany angefika kwenye mtihani wa mwisho bila kujua hata baba yake ni nani. Jumanne akavaa barakoa, maana amri ni amri, akarekodi.

"Bazazi bapenzi, jambo. Nimesoma insha, na moyo yangu inauma. Sikujua kama mababa ishirini na watatu ya darasa yetu beko banateseka Kasumbalesa. Na banafichama! Hakuna mutu aliniambia! Basi samedi hii, kila nyumba ilete unga na samaki kidogo pa shule. Kuko kamyo, lori moja, inaenda kule. Tusiache bandugu banakufa na njaa."

Kundi, ambalo halikuwahi kunyamaza hata saa ya maombi, likanyamaza siku nzima. Nani aseme nini? Kusema "mi siko Kasumbalesa" ni kusema "mi njo niliandika."

Mtu mmoja tu alifurahi: Kadija. Yeye aliamini kila neno. Akampigia mumewe palepale.

"Baba Rachida! Unalia upweke bure! Mababa ishirini na wawili ya darasa ya mutoto beko hapo kwa foleni! Tafuta Tata Muamba. Ni mutu mukubwa, atakusaidia na ile karatasi."

Musafiri alikuwa mtu wa kutii. Kwa siku tatu alitembea kando ya foleni, kilomita kwa kilomita, akigonga milango ya malori na kuuliza Tata wa Stany. Jumamosi asubuhi, wazazi walipokuwa wakifika uani pa shule na mifuko yao, kila mmoja akiangalia chini, sauti yake, iliyotoka kwenye simu ya rafiki na kupitishwa na Kadija, iliingia kwenye kundi, na simu zote za uani zikaanza kuzungumza pamoja.

"Mama mwalimu, bazazi, jambo yenu. Mi ni Musafiri, baba ya Rachida. Nimetafuta Tata Muamba mwanzo mpaka mwisho ya foleni. Simuoni. Nimeuliza na kwa benye banapima ugonjwa. Niko na woga, labda alianguka fasi, kando ya njia. Kama bibi yake anasikia, anisamehe, nitaendelea kutafuta."

Tata Muamba alikuwa amesimama ndani ya duara la chokaa, amevaa ndala, amekumbatia kilo kumi za unga. Watu wote wakamgeukia. Alifungua mdomo, na Kifaransa chake cha mahakamani hakikuja.

"Mi... nilirudi jana," alisema.

Aliyeanza kucheka ni mke wake. Kisha Pasta Ngoyi, kisha ua mzima, mpaka Direkteri Dimitri akatoka ofisini kuuliza kama umbali unaheshimiwa. Kadija peke yake hakucheka. Aliwaangalia mmoja mmoja, akahesabu mababa waliokuwa mbele yake, akaelewa.

"Mume yangu ametembea siku tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Juu ya kutafuta benye beko hapa."

Kicheko kikafa. Tata Muamba akaweka unga chini, akatoka kwenye duara lake, akamwendea Kadija.

"Mama Rachida, munisamehe. Nipatie numero yake. Ile ya huyu rafiki."

Akapiga hapohapo, akaenda nyuma ya choo cha shule ili asisikiwe, akakaa muda mrefu. Alichosema hakuna aliyekijua. Ila barua ya karatasi za Musafiri, kurasa tatu zenye mihuri, aliiandika yeye mwenyewe, na safari hii aliandika vizuri.

Mama Abigaël alikuwa wa mwisho kuondoka. Alimkabidhi Fidélie samaki waliofungwa kwa gazeti.

"Mwalimu, usinicheke. Jessica aliniuliza aandike nini. Ile ya kweli angelia, na mi ningelia. Nikaona huyu baba ya Rachida iko muzima, anapika, anasali. Nikamwambia aandike ile."

Fidélie aliwapokea samaki, akamshika mama yule mkono, wakasahau wote wawili kwamba kushikana mikono kulikatazwa.

Jumatatu alimweleza direkteri kila kitu, hata ile Likasi. Direkteri alisikiliza, akafuta paji la uso, akauliza kama ripoti inaweza kusema "ushirikiano wa wazazi umekuwa wa hali ya juu". Fidélie akasema inaweza, kwa maana ni kweli. Kuanzia hapo aliacha picha. Kila siku aliwapigia simu watoto sita, mmoja mmoja, akawauliza hesabu kwa mdomo, na mzazi aliyesikika akinong'ona pembeni aliombwa aende nje. Jina lake halikupelekwa mbele.

Mwezi wa nane, serikali iliporuhusu madarasa ya mwisho yarudi, walifika watoto ishirini na tisa, na wale watano wa karatasi za chini ya mlango walikuwemo. Musafiri alikuwa amefika wiki iliyotangulia, amekonda. Siku ya kwanza Fidélie aliandika ubaoni hesabu moja rahisi ya sehemu za kumi, akamwita Stany mbele. Stany akatazama ubao, akatazama dirisha. Nje ya ukuta wa shule, juu ya barakoa, macho ya Tata Muamba yalikuwa yanachungulia, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuhesabu.

Fidélie akaenda akafunga dirisha.

"Chukua chaki," alimwambia mtoto. "Tuko na siku yote."