Kipipa cha Supu

Baba yangu, Huib, alikuwa mpishi wa tagi, meli ndogo yenye nguvu za kuvuta meli kubwa. Krijn, kijana baharia wa tagi, alipokuja kwetu Maassluis kuniposa, baba hakumfukuza. Alisema tu kwamba bintiye hamwozi kwa mtu wa tagi. Wiki ileile wote wawili wakapangiwa safari moja: kuvuta mtambo wa kuchimba bandari mpaka Surabaya, mwendo wa miezi mitatu.

Baba alikuwa mbele, kwenye tagi. Krijn na wenzake wawili walikaa nyuma juu ya mtambo kuulinda, na katikati ulipita waya mrefu kuliko mtaa wetu. Kule nyuma hakukuwa na jiko la maana. Kwa hiyo bahari ikitulia, baba alijaza supu ya njegere na mkate wa zabibu kwenye kipipa, akakiziba, akakiachia kwa kamba kielee hadi kwao.

Mimi nilimngoja postamani. Barua za baba zilikuwa za hali ya hewa tupu. Ile ya Aden ndiyo iliyokuwa na neno lingine: vipipa vinarudi vimeoshwa kwa maji ya kunywa, na kule nyuma maji hayo wanapimiana kwa kikombe. Mama aliusoma mstari huo mara mbili.

"Baba yako ameanza kulegea," akasema.

Baada ya Aden bahari ilichafuka siku kumi na moja, wale watatu wakawa wanatafuna biskuti kavu. Ilipotulia baba akapeleka supu maradufu. Kipipa kikarudi kisafi, na ndani mna samaki watatu walioruka wakaangukia sitahani, wameshapasuliwa na kutiwa chumvi. Zawadi kwa mpishi.

Haya ya samaki alitusimulia mwenyewe aliporudi, amekaa jikoni anamenya viazi, anacheka.

"Kijana ni mzuri," akasema. "Sikusema kamwe kwamba ni mbaya."

Nikamuuliza, sasa shida iko wapi.

"Shida ni hii kazi. Wewe ulizaliwa mimi niko Montevideo. Safari nyingine niliporudi ukanikimbia, ukadhani mimi ni fundi wa bomba. Mama yako amengoja vya kutosha. Sitaki na wewe ungoje."

Mama alikuwa anapanga sahani. Hakugeuka.

"Baba," nikasema, "mimi nimekungoja wewe miaka ishirini. Kungoja nakujua. Na hakuna siku uliyorudi nikajuta."

 Baba aliendelea kumenya kiazi kilekile mpaka kikabaki kama gololi. Mama akamnyang'anya kisu taratibu, akamwambia viazi vitaisha.

Baba akapangusa mikono, kisha macho, kwa taulo lilelile. Akaniagiza niende kwa Krijn, nimwambie aje kesho kunywa kahawa, na asije peke yake, aje na mama yake.