Msumari wa Alfayo

Shemeji yangu Alfayo alipanda pareto juu ya kaburi la mume wangu. Naanzia hapo kwa makusudi, maana watu wa Kiogoro wakisimulia habari za mti wangu huanzia siku ulipokatwa, na ukianzia hapo mimi naonekana mwanamke mwenye roho mbaya. Roho mbaya ninayo, sikatai. Lakini sikuzaliwa nayo.

Mume wangu Nyamweya alifariki mwaka wa sitini na tano, tukamzika kando ya nyumba kama ilivyo desturi yetu. Miaka miwili baadaye ikaja kamati ya ardhi kupima mashamba. Mpaka kati yetu na Alfayo, kaka wa marehemu, ulikuwa kule chini kwenye ua wa mikonge, hatua kumi kupita kaburi. Alfayo akasimama mbele ya kamati akasema la, ule ua ni wa kuzuia mbuzi tu. Mpaka, akasema, ni omotembe ulioko nyuma ya jiko la Tryphosa, yaani jiko langu, na baba yao alimwonyesha hivyo kabla ya kufa.

Omotembe ni mti wa magome mazito na maua mekundu, na kwetu Wagusii hauguswi ovyo kwa sababu ndio mti wa kuapia. Mwenye madai hupigilia msumari kwenye shina huku akitamka maneno yake. Wazee husema mtu akiapa uongo, kisha mti ukaanguka na msumari wake ungali ndani, yeye naye hunyauka, pamoja na uzao wake. Ya kumponya ni moja tu: akiri mbele ya watu, halafu autoe msumari kwa mkono wake mwenyewe. Kamati ikamtaka Alfayo aape. Mimi nilinyamazishwa, eti mwanamke haapii ardhi. Alfayo, mzee wa kanisa, ambaye Sabato iliyotangulia alikuwa ametuhubiria kuhusu ubaya wa ushirikina, alichukua nyundo akapigilia msumari wa inchi nne. Mapigo saba. Niliyahesabu.

Hivyo kaburi likawa lake. Msimu uliofuata alilisawazisha kwa jembe, akapanda pareto. Kila asubuhi nikitoka kwenda mjini, ambako nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja, nilimkuta akichuma maua pale pale juu ya kifua cha Nyamweya, naye akinisalimu kwa adabu zote.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama."

Nilimjibu salama miaka sita. Jaribu wewe uone kama moyo wako utabaki ulivyo.

Mwaka wa sabini na tatu, mvua za Aprili ziliangusha tawi la omotembe, likatoboa mabati ya jiko na kuvunja kigoda nilichokuwa nakalia nikipika. Nilikuwa nimeinuka pale dakika moja kabla, kufuata chumvi. Kesho yake nilimwita Ogada, mpasua mbao kutoka upande wa ziwani aliyekuwa akiishi mjini. Aliuzunguka mti mara mbili, akaugonga kwa kisigino cha shoka.

"Mama, hii mti imeoza huku chini," alisema. "Mvua moja tena, italala kwa nyumba yako."

"Basi tuukate."

"Tutakata. Lakini nyinyi watu wa huku mnapenda kupiga msumari kwa miti. Hii iko na msumari? Meno ya msumeno yangu ikiuma msumari, kazi imekwisha."

Nilimwonyesha. Gome lilikuwa limeshaumeza, na mtu asiyejua asingeona kitu, ila kijishimo kidogo kama kitovu cha mtoto. Mimi nilikuwa nakitazama kila siku nikiosha vyombo. Ogada alikipima kwa vidole, akasema atapitisha msumeno shibiri mbili chini yake. Tukapanga yote siku ile: kamba mbili zifungwe juu kwenye panda, shoka litangulie kula pengo upande wa pareto, jiko lihamishwe vyombo vyote. Akachomeka kijiti mahali ambapo kilele kingeangukia, hatua tano kando ya kaburi.

Kilichobaki ni ruhusa. Nilikwenda kwa Mzee Ratemo, mzee wa kijiji aliyekuwa pia katika ile kamati. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mti wa mpaka haukatwi na mtu mmoja, mama," alisema. "Wenye mashamba mawili wanasimama pamoja, kila mmoja anapiga shoka lake la kwanza, ndipo fundi anaingia. Mmoja akikataa, aje aniambie sababu mbele ya watu."

Nilikuwa nimekwenda kuokoa mabati yangu. Nikiwa njiani kurudi nilicheka peke yangu hadi nikashika mti wa watu nisianguke. Alfayo akipiga shoka, anajiangushia kiapo chake kwa mkono wake. Akikataa, mzee wa kanisa atawaeleza watu kwamba anaogopa msumari. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote tangu nifiwe.

Nilichagua Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato, na nikaalika kila mtu kwa mdomo wangu mwenyewe. Siku nne kabla, Persis, mke wa Alfayo, alikuja na kikapu cha wimbi. Niseme ukweli juu ya Persis: ndiye aliyenishika mabega siku ya mazishi, na katika kuchuma pareto hakuwahi kugusa yale maua ya upande wa kichwa. Aliyaacha yakauke.

"Mama Bochaberi," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu, "baba watoto hali chakula. Si akate matawi tu, yote yaliyoelekea kwako? Atapanda mtini mwenyewe."

"Mti umeoza chini, si juu."

"Nakuomba kama dada yangu."

Nilimrudishia kikapu chake na wimbi lake.

Jumapili watu walijaa hadi barabarani. Alfayo alikuja na koti la kanisani na koleo mfukoni, uso umemshuka. Mzee Ratemo akanipa shoka. Nilipiga moja, la nguvu, vipande vya gome vikaruka. Kisha akampa Alfayo. Alilishika akaliangalia. Akaangalia mti, akaangalia watoto wake wanne waliosimama na mama yao. Shoka likamponyoka.

"Nilisema uongo," alisema. Sauti yake haikufika mbali, Mzee Ratemo akamtaka arudie. "Nilisema uongo! Mpaka ni kwenye mikonge. Baba hakunionyesha kitu."

Watu waliguna. Mzee Ratemo hakumpa nafasi ya kupumua. Alitushusha wote hadi kwenye ua, akahesabu hatua kwa sauti, akaandika kwenye karatasi, Alfayo akatia sahihi na mashahidi sita baada yake. Nilipokuwa narudi nilipita juu ya pareto kwa viatu vyangu, nikasimama kando ya mume wangu, kwenye ardhi yangu. Nililia, sitaficha. Ningeweza kuishia hapo. Wengi walikuwa wameanza kuondoka wakidhani nimeishia hapo.

Alfayo alikuwa ameshapiga magoti kwenye shina na koleo lake. Alipapasa gome, akalichokonoa, akajichoma vidole kwa miiba. Upande alioupigilia aliukumbuka, lakini miaka sita mti ulikuwa umenenepa, na makovu yalikuwa mengi.

"Shemeji," alisema bila kugeuka, "wewe unakaa na huu mti kila siku. Msumari uko wapi?"

Ogada aliniangalia. Yeye ni mgeni, lakini mambo hayo anayaelewa. Persis naye aliniangalia.

"Sijui," nilisema.

Nikamgeukia Mzee Ratemo. "Mzee, sasa mpaka uko kwenye mikonge?"

"Uko kwenye mikonge."

"Basi huu si mti wa mpaka tena. Ni wangu peke yangu, na unanihatarishia nyumba."

Aliifungua tena ile karatasi, akaisoma. "Ni wako," alisema.

"Ogada, kata."

Iliwabidi vijana wawili wamwondoe Alfayo pale chini. Msumeno uliingia shibiri mbili chini ya kijishimo, haukugusa chuma. Mti ulianguka kwenye kijiti cha Ogada, kama alivyopanga, na Persis akafunika uso.

Hayo yana miaka mitano sasa. Alfayo hajanyauka, ana mwili wake. Lakini mtoto akipata homa, ng'ombe akitupa mimba, yeye mwenyewe akikohoa wiki moja, humtuma Persis kwangu aulize kama nimeuona msumari katika kuni zangu. Namwambia bado natafuta.

Sitafuti. Kipande chenye kile kijishimo nilimwambia Ogada anikatie kigoda badala ya kile kilichovunjika, na ndicho ninachokalia nikipika. Persis akija hukaa mkabala nami, moto katikati yetu, nywele zake zimekuwa nyeupe kabla ya wakati. Mimi ni Mkristo, siamini kwamba msumari unaua mtu. Koleo ninalo, liko ukutani, na kuutoa ni kazi ya dakika moja.

Jana alikuja tena. Nilimwambia bado natafuta.