Sponji ya Joakim

Mimi ni mtu wa usafi, na sitaki kuambiwa kwamba usafi ni kosa. Sakafu ya kanisa la kigango chetu hapa Maguu nimeisugua miaka tisa bila kulipwa. Lakini usafi huohuo ndio uliowaua samaki wa mdogo wangu, na nalisema mwenyewe kabla watu hawajanisemea.

Mdogo wangu Joakim alikuwa mzamiaji. Sisi ni wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa. Mimi niliolewa huku juu kwenye kahawa, yeye akabaki majini. Biashara ilipofunguliwa na kila mwenye mtaji akaruhusiwa kununua alichotaka, akaja mnunuzi wa samaki wa mapambo. Alitaka mbuna, wale samaki wadogo wa miambani, wa bluu na wa njano, ambao mama yetu aliwaona hawafai hata kwa kitoweo cha paka. Aliwataka hai, wakaishi kwenye vioo sebuleni kwa watu huko Ulaya. Miaka sita Joakim alizama na wavu akawatoa. Kisha kifua kikamkamata. Mnunuzi akamwambia akapumzike, akampa tangi dogo la kioo lenye ufa ukingoni, na ruhusa ya kuchagua chujio moja kwenye ghala lake kule Mbamba Bay.

Nilikwenda kumsaidia kubeba, maana nilikuwa nimeamua aje akae kwangu, karibu na hospitali. Mezani kulikuwa na machujio matatu. La kwanza lilikuwa sanduku jeusi linalong'aa, lenye mota, la kuning'inizwa ukingoni mwa tangi. La pili lilikuwa sinia la plastiki lenye matundu, la kulazwa chini ya changarawe. La tatu lilikuwa kipande cha sponji kwenye mrija, kama kilichonyofolewa kwenye godoro kuukuu.

"Chukua hilo jeusi," nikamwambia. "Kitu cha bure, halafu uchague kibaya?"

"Dada, kwako kuna umeme?"

"Si jirani yetu Pankras ametuvutia waya kutoka kwenye jenereta ya mashine yake ya kusaga?"

"Anaiwasha saa ngapi?"

"Mchana, akipata wateja."

"Kwa hiyo samaki wapumue Pankras akipata wateja."

Nilichukia, maana alikuwa sahihi. Akanieleza polepole, akikohoa katikati. Sponji inataka pampu ndogo tu ya kusukuma hewa, na pampu hiyo inaweza kutumia betri ya gari usiku na mchana. Pankras angeichaji akiwasha mashine. Sinia la chini likiziba, lazima ufukue changarawe yote. Na lile jeusi lilikuwa la tangi kubwa mara nne ya letu. Lingeyazungusha maji mpaka samaki akose pa kutulia.

"Halafu lina mdomo wa kufyonza," akasema. "Watoto wakitoka litawameza."

"Watoto gani?"

Akaninyooshea mfuko wa plastiki wenye maji. Ndani alikuwamo mbuna jike mmoja, kidevu kimetuna. Mayai yalikuwa mdomoni mwake. Mbuna hulea humo, karibu wiki tatu, bila kula chochote.

"Nimewatoa wengi, Dada, hata idadi siijui," Joakim akasema. "Hawa nitawarudisha palepale mwambani nilipomtoa mama yao. Nirudishe hata kumi kabla sijafa."

Nilimkemea kwa neno hilo la kufa. Tukachukua sponji.

Nyumbani ilibadilika rangi baada ya siku chache, ikawa ya kahawia na kushika utelezi. Kila nikipita sebuleni mikono iliniwasha.

"Usiifue," Joakim akaniambia. "Huo utelezi ndio unaofanya kazi. Humo kuna vijidudu vinavyokula sumu ya mavi ya samaki. Ukiviua, umemuua samaki. Ikiziba, ikamue kidogo kwenye maji yaleyale ya tangi, basi."

Nikasema ndiyo. Kusema ndiyo ni rahisi.

Wiki ya pili akazidiwa, tukamlaza hospitali ya misheni. Jumamosi wanawake wa jumuiya walikuwa wanakuja kwangu kumwombea, na tangi lilikuwa mbele ya viti. Niliona aibu. Nikaitoa ile sponji. Ndoo ya maji ya kunywa ilikuwa imejaa, nikachukua ile ya shamba, tunayokorogea mrututu, dawa ya bluu ya kupulizia kahawa. Nilikuwa nimeisugua kwa majivu mara mbili, ukabaki utepe wa bluu ukingoni tu. Nikaifua sponji humo mpaka ikatakata. Ottilia, jirani yangu, aliisifu.

Jumapili baada ya misa nilifika hospitali, na hilo ndilo nililoanza nalo. "Sponji yako nimeifua. Mpya kabisa."

Joakim akaniuliza, "Kwa ndoo gani, Dada?"

"Ya shamba. Usijali, niliisugua."

Akaushika mkono wangu, akakaa nao. "Asante kwa kunitunzia," akasema. Nami nikaipokea ile asante, nikarudi nyumbani nimefurahi.

Nilimkuta jike amelala ubavu juu ya maji, mdomo wazi. Watoto walikuwa wametapakaa chini, wana macho tayari na matumbo ya njano, hakuna aliyetikisika. Mkulima wa kahawa asiyejua kwamba mrututu ni sumu yuko wapi? Nilijua. Ila ndoo niliyoisugua kwa mikono yangu, kwangu ilikuwa safi. Niliwaopoa kwa kijiko cha chai. Walikuwa kumi na wanne. Nililia na kijiko mkononi.

Jumatano nilimwambia, "Wametoka."

"Wangapi?"

"Kumi na wanne." Idadi angalau ilikuwa ya kweli.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Wape unga laini, kidogo tu, wasichafue maji."

Ikawa hivyo kila nilipokwenda. Wamekua? Wamekua. Wana rangi? Wanaanza. Mkewe Beata alikuwa ameshafika kutoka Ngumbo, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda, naye aliinamisha kichwa nilipokuwa nikijibu. Nilirudi nyumbani nikiichukia sauti yangu. Baada ya wiki mbili Joakim akafariki. Neno lake la mwisho kwangu lilikuwa, "Uwapeleke mwenyewe, Dada."

Nilishuka Ngumbo kwenye lori lenye jeneza, nimepakata ndoo mpya iliyofunikwa kitenge. Ndani yalikuwamo maji ya kisima, hakuna kingine. Ukoo mzima ulikuwa na habari za wale samaki, nikakosa ujasiri wa kushuka bila ndoo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ile ilikuwa ndefu, na kila tuta lilinimwagia maji magotini.

Baada ya maziko Beata akanichukua mpaka miambani, sisi wawili. Nilikuwa nimeshaamua kusema.

"Wifi," nikaanza, "humu ndani ya ndoo..."

Akapiga magoti kwenye kokoto, akanyoosha mikono yote miwili. Mama yetu ndiye aliyetufundisha sote hivyo: mzigo wa mgeni hupokewa kwa mikono miwili, hata kama hauna uzito.

"Najua, wifi," akasema. "Aliniambia siku ileile niliyofika. Alisema, dada atakuja na ndoo ya maji. Uipokee kwa mikono miwili, usimwulize."

Basi alijua tangu ile Jumapili. Wanakula, wamekua, wana rangi; siku zote zile aliyekuwa akilishwa ni mimi. Nilikaa chini kwenye kokoto nikamlilia mdogo wangu kuliko nilivyomlilia kaburini, na Beata akamimina maji yale mwambani taratibu, mpaka tone la mwisho.

Tangi nilimpa Pankras awekee misumari. Sponji ninayo, iko dirishani. Imejaa vumbi, na sijaifua.