Kura ya Orrin Halvorsen

Kwa miaka kumi na tisa Nastasia Evan alikagua fomu za mali za wabunge wa jimbo, akizilinganisha na miswada iliyo mezani. Asubuhi hiyo alikuta, katika fomu ya Orrin Halvorsen, hisa za mgodi kwa jina la mkewe. Mswada wa siku ulikuwa wa kuufungua mgodi huohuo, juu ya mto ambamo dada zake Nastasia walivua samoni.

Alimwita Orrin pembeni.

"Nitatangaza, nitaomba nisipige kura," alisema Orrin, mvuvi mstaafu, uso umemwiva. "Nikilazimishwa, mama, nitapiga ya mke wangu, ya ndiyo. Nyumba itanishinda."

Nastasia alipiga hesabu. Bila Orrin, kura zingekuwa kumi na tisa kwa kumi na tisa, na sare huangusha mswada.

Mlangoni binamu yake Wassillie, mbunge wa mto wao na mpinzani wa mgodi, akamshika mkono. "Dada, Orrin ana nini leo?"

"Soma fomu yake. Iko wazi kwa kila mtu."

"Fomu! Zangu nawashia jiko," akacheka. "Sema wewe, unazisoma mpaka usingizini."

Angeweza kusema. Lakini mkaguzi hanong'onezi upande wowote, hata wa damu yake, na kiapo hicho alikuwa akijivunia.

Orrin akasimama. "Spika, nina maslahi hapa. Naomba nisipige kura."

Katika bunge lile, sauti moja tu ya kupinga humlazimisha mtu kupiga kura. Wabunge walioutaka mgodi walinyamaza; kwao mvuvi ni adui. Wassillie naye alihofia mwenzake mmoja wa upande wa kupinga aliyeanza kulegea, akataka kura ya mvuvi iwe akiba. Akageuka kumtazama Nastasia juu kwenye roshani. Kutikisa kichwa mara moja tu kungetosha kumzuia.

Nastasia akainamisha macho.

"Napinga!" Wassillie akapaza sauti, akitabasamu.

Orrin akabonyeza kitufe cha kura. Taa yake ikawaka kijani, ya ndiyo. Ishirini kwa kumi na tisa; mswada ukapita.

Wassillie alimkuta Nastasia ngazini.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Basi wapigie wewe dada zako simu. Mimi sina mdomo."

Nastasia akabonyeza namba. Dada yake mkubwa alipokea kabla haijaita vizuri, na nyuma yake jikoni kote kulikuwa kumejaa vicheko vya watu waliokuja kusubiri.

"Nastasia! Wassillie alisema Orrin ni wetu. Tumeshinda, eti?"