Gauni la Dada Yake Fumua

Fundi cherehani mmoja alibandikwa jina la Fumua, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alichoshona leo, kesho alikifumua kwa wembe. Wateja walimvumilia, maana nguo yake ikitoka, imetoka kweli. Ila kuisubiri, utaota mvi.

Sasa Fumua alikuwa ameokoka, tena si kwa kunong'ona. Alishona akiimba na kupiga pasi akiimba, mpaka fundi viatu wa mlango wa pili akamwuliza kama huo wokovu hauna sauti ya chini. Kila Jumapili mchungaji alipoita wanaotaka kutubu, yeye ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mwanangu, wewe si nilikuombea wiki jana?" mchungaji akamwuliza.

"Uliniombea, mchungaji. Nahisi haikushika vizuri."

Unamwona huyu? Hata msamaha wa Mungu alikuwa anaufumua.

Kilichomkaba roho ni hiki. Zamani, kwa wivu tu, aliwaendea wakwe watarajiwa wa dada yake akamsingizia kwamba ana mtoto aliyewaficha. Posa ikavunjika, na dada hakukanyaga tena kwake. Fumua alipookoka alimfuata huko huko aliko, akapiga magoti, akasema yote. Dada alilia, kisha akasema, "Nimekusamehe." Basi, neno moja. Fumua akarudi nyumbani hana raha hata kidogo. Kosa kubwa namna ile, halafu neno moja tu? Akanunua kitambaa cha samawati, akaapa kumshonea dada gauni lisilo na doa wala walakini, na kwamba hatabatizwa mpaka liishe.

Ubatizo ulikuwa Jumapili. Jumamosi mchana gauni lilikuwa limesimama, lakini kwa ile haraka, mkono wa kulia ameuweka kushoto na wa kushoto kulia, yote miwili inavuta nyuma. Alikuwa ndiyo kwanza anashika wembe dada alipoingia dukani.

"Mchungaji kanipigia simu," dada akasema bila hata kukaa. "Anasema umejitoa kwenye ubatizo wa kesho. Kulikoni?"

"Sijajitoa, dada. Nasubiri gauni lako liishe. Nimepishanisha mikono, nafumua sasa hivi."

Dada akalichukua, akaelekeza bega la gauni kwenye mwanga wa mlangoni. Matundu ya sindano yalikuwa yamejaa tele. "Hapa umefumua mpaka kitambaa kimechoka. Hebu niambie, mdogo wangu, hili ni zawadi au ni malipo?"

Fumua hakuzunguka. "Malipo. Nilikuharibia ndoa, dada. Nitachukuaje msamaha bure, kama mtu asiye na haya?"

"Kama ni malipo, silitaki. Unajua lile neno lilinigharimu nini? Nililisema kwa moyo wangu wote, wewe ukalipeleka mezani kukagua mshono." Akamtazama usoni. "Na huyo Mungu wako, naye unamfanyia hivi hivi?"

Fumua akautazama wembe mkononi mwake. Ndivyo alivyokuwa akifanya. Kila Jumapili anapewa, kila Jumatatu anatafuta pa kukata. Akadhani kilio kinakuja, kumbe ni kicheko. Akacheka huku machozi yanamtoka. Amesamehewa. Tangu siku ile ile ya kwanza alishasamehewa, naye anahangaika na wembe!

"Basi ni zawadi," akasema alipopata pumzi. "Chukua, dada. Ila lina kasoro."

"Nimeiona. Nipe na wembe."

Jumapili dada alikaa kiti cha mbele na gauni lake la samawati, mikono inavuta nyuma kama amekamatwa na askari. Fundi viatu, aliyekuja kushuhudia, akamwinamia. "Shemeji, hilo gauni linakwenda au linarudi?"

"Linakwenda," dada akajibu, akaweka mkoba wake vizuri.

Fumua aliingia kwenye maji mbio mbio, mchungaji akalazimika kumshika asiteleze. Moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha, anaona kama paa la kanisa ni dogo.

"Unaamini umesamehewa?" mchungaji akauliza, akajiandaa kusikiliza maelezo marefu, maana anamjua mtu wake.

"Nimesamehewa," Fumua akasema.

Mchungaji akangoja. Hakikufuata kitu. Akamzamisha.

Alipoibuka hakungoja taulo. Alikwenda moja kwa moja kiti cha mbele akamkumbatia dada yake, na gauni la samawati likalowa chapachapa. Kichwa chake kikiwa begani kwa dada, akaona uzi umechomoza pale kwenye mshono wa mkono. Vidole vyake vikaufuata, vikaugusa, kisha vikauacha ulipo.