Wapiga Ngoma Watatu wa Radi

Jedida alijiunga na bendi ya Radi mwaka 1986, wiki moja baada ya mpiga ngoma wao Fondo kuondoka. Kabla hajakaa sawa kwenye kigoda alikwisha kuambiwa kwamba hapigi kama Fondo.

Radi ilipiga hevi metali, nayo ilikuwa bendi pekee ya aina hiyo Malindi nzima. Kwa maoni ya majirani wa mtaa wa Kisumu Ndogo, ilikofanyia mazoezi, hata hiyo moja ilikuwa nyingi mno. Kiongozi wake, Ndirangu, alikuwa fundi wa umeme aliyeshuka kutoka Nyeri na gitaa alilolipaka rangi nyeusi mwenyewe. Kila Ijumaa jioni walipiga katika hoteli moja ya watalii. Jedida alikuwa akifua mashuka hapo hapo hotelini. Ngoma alijifunzia kanisani kwao Kibarani, mpaka mchungaji alipomwondoa kwa sababu waumini walikuwa wakisahau kuomba.

Hakimu wa muziki pale hotelini alikuwa Mzee Randu, mpishi mkuu. Baada ya onyesho la kwanza alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Shikamoo, Mzee Randu," Jedida alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umepiga vizuri. Lakini Fondo alikuwa na kiuno."

"Kiuno?"

"Kiuno cha mikononi. Fondo alikuwa akichelewa kidogo tu, hivi, mpaka unajikuta umeinuka kitini. Wewe unakwenda kama saa ya ukutani."

Jedida alikaa wiki nzima akijifunza kuchelewa. Ijumaa iliyofuata alichelewa vizuri sana, hata Ndirangu alipomaliza wimbo na kugeuka nyuma, alimkuta Jedida bado yumo katikati ya wimbo.

"Nani kakwambia upige kama Fondo?" Ndirangu alifoka. "Fondo alinigeuzia hevi metali ikawa muziki wa arusi! Wajerumani walikuwa wakicheza wameshikana mabega. Mimi namtaka Thuku. Thuku alipiga kama mtu anayebomoa nyumba."

Hapo ndipo Jedida alipomjua Thuku, mpiga ngoma wa kwanza, aliyehamia Nakuru. Kila mtu hotelini alikuwa na habari zake. Bawabu alisema ngoma za Thuku zilisikika Watamu. Mzee Randu alisema Thuku alipopiga, supu ilitikisika sufuriani. Fondo naye, enzi zake, aliambiwa hayo hayo kila wiki, mpaka akahamia kikundi cha taarabu ambako hakuna aliyemjua Thuku.

Jedida akajaribu kubomoa nyumba. Alivunja vijiti viwili na kuchubuka kidole gumba.

"Nguvu ipo," Ndirangu alisema kwa masikitiko. "Hasira haipo. Thuku alikuwa na hasira."

Kufikia mwezi wa Novemba, Jedida naye alikuwa nayo.

Disemba, Thuku akaja. Alikuwa sasa mwalimu wa udereva, mnene kidogo, amekuja pwani kupumzika na mkewe Wanjira. Waliketi meza ya mbele wakinywa soda. Mzee Randu alitoka jikoni mbio, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kila Ijumaa nilisimama pale mlangoni nikikusikiliza! Hebu mwambie binti huyu."

Thuku alimtazama kwa mshangao. "Kila Ijumaa? Mzee wangu, hapa nilipiga siku moja tu. Wimbo wa pili, stima ikapotea."

Ndirangu alianza kukaza nyuzi za gitaa ambazo zilikuwa zimekwisha kukazwa.

"Magitaa yakanyamaza," Thuku aliendelea. "Mimi nikaona aibu kuacha, nikawa nagonga tu mpaka jenereta ilipowaka. Kesho yake nikapanda basi."

"Siku hiyo moja ilinitosha," Mzee Randu alisema, wala hakupepesa macho.

Walimsukuma Thuku jukwaani. Alianza kwa kasi, akazidisha, akazidisha tena. Wimbo wa dakika tano uliisha kwa dakika tatu, na Ndirangu akafika mwisho wake peke yake, akihema. Wanjira alikuwa ameinamisha uso. Watu walipiga makofi ya adabu.

"Hivi ndivyo nilivyokuwa nikipiga," Thuku alisema huku akicheka na kujifuta jasho. "Sikujua namna nyingine."

Mzee Randu alitikisa kichwa. "Huyu si Thuku. Baridi ya Nakuru imemharibu."

Jedida alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapanda jukwaani akapiga kama alivyokuwa akipiga Kibarani: sawasawa, mguu mzito kwenye ngoma kubwa, na mapengo pale ambapo waumini wangepiga makofi. Ndirangu aligeuka mara mbili, uso wake ukiwa wa mtu aliyerudi nyumbani akakuta kitanda kimehamishwa. Mara ya tatu hakugeuka. Alikuwa ameanza kuingiza gitaa kwenye yale mapengo. Thuku alikuwa akijipiga goti kwa furaha, nje kabisa ya mapigo.

"Uliniachia nafasi," Ndirangu alisema walipomaliza.

"Ndiyo."

"Sijui niliingiaje."

"Uliingia vizuri, kaka."

Mzee Randu alimletea Jedida samaki mzima wa kupaka, mkubwa kuliko sahani yake. Alimwambia kwamba Fondo asingeweza kummaliza.

Jedida alimmaliza, akaomba ndimu.